Huyo Paka Wako Si Persian, na Hilo Si Tusi

Kuna neno moja linanichosha: "mix". Persian mix. Siamese mix. Siku hizi hata Sokoke mix. Paka ameokotwa nyuma ya kibanda cha samaki hapa Kombewa, mama yake tunamjua, nyanya yake alikuwa analala pale kwa posho mill, lakini picha ikishapigwa na kutumwa Kisumu mjini, tayari ana ukoo wa ng'ambo.

Mimi huokota paka na kuwatafutia makao. Sina shirika wala T-shati yenye nembo. Nina vikapu viwili, bakuli la omena, na mathe mwenye roho safi kuliko mimi. Na kila nikitaka kupeana paka, lazima atokee mtu wa kunishauri: "Omera, andika tu Persian mix, ataenda haraka." Mara nyingi ni mtu mzuri anayetaka paka apate kwao. Lakini siandiki, na leo nawaeleza sababu. Nitapitia historia, kwa sababu haya majina yana vituko kuliko mnavyodhani.

Anza na kitu tunachokijua. Hapa Seme kila mtu anatofautisha ng'ombe wa gredi na ng'ombe wa kienyeji. Ukiambiwa ndama ni Friesian, swali la kwanza ni: alipandishwa na fahali gani? Yule daktari wa kupandisha kwa sindano huacha karatasi. Hakuna mzee atakayetoa bei ya gredi kwa sababu tu ndama ana mabaka meusi na meupe. Atakucheka mbele ya watu. Sasa huyo huyo mzee, mjukuu wake yuko mjini analipa maelfu kwa paka kwa sababu ana manyoya marefu kwa mkia.

Kwa wanaofuga paka wa mashindano, aina ya paka ni kitu cha karatasi kabisa. Mama anajulikana, baba anajulikana, mababu wanajulikana, na kuna chama kinachotunza daftari la ukoo. Kama hakuna daftari, kilichobaki ni rangi, manyoya na umbo. Hivyo vitatu unaweza kuviona kwa macho. Ukoo hauonekani kwa macho.

Na hilo daftari lenyewe si la kale. Binadamu ameishi na paka maelfu ya miaka bila kuhangaika na aina. Paka alikuwa na kazi, na kazi ilikuwa panya. Kisha tarehe 13 Julai 1871, mchoraji mmoja Mwingereza, Harrison Weir, akaandaa maonyesho makubwa ya paka pale Crystal Palace, London. Yeye ndiye aliyeandika alama za kutumia waamuzi: huyu awe na masikio hivi, yule mkia vile. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Kwa hiyo hii dunia ya paka wenye vyeo ilianza miaka 30 tu kabla ya gari la moshi kupiga honi pale ziwani. Ni mambo ya juzi. Na ilianzishwa na watu waliotaka kushindana, kwa hivyo tangu siku ya kwanza jina tamu lilikuwa na faida.

Chukua Persian mwenyewe. Hadithi ni kwamba msafiri Mwitaliano, Pietro della Valle, aliona paka wa manyoya marefu huko Uajemi karibu mwaka 1620 akavutiwa nao. Poa. Lakini mwaka 2008 wanasayansi walichapisha kazi kubwa ya kulinganisha DNA ya paka wa aina mbalimbali na paka wa mitaani kutoka nchi nyingi. Persian wa leo hakukaa na paka wa Mashariki ya Kati. Alikaa na paka wa Ulaya Magharibi. Jina lilibaki Uajemi, damu ikawa ya wafugaji wa Uingereza na wenzao. Kwa hiyo hata yule Persian mwenye karatasi zote, jina lake linadanganya kidogo. Sasa wewe unachukua jina lenye walakini tayari, unampachika paka wa steji ya Kombewa.

"Lakini si ana manyoya marefu?" Anayo, na mimi pia nayaona. Manyoya marefu ya paka hutokana na jeni moja iitwayo FGF5 ikiwa imebadilika. Hiyo hali imefichika: lazima paka aipokee kwa mama na pia kwa baba ndipo manyoya yarefuke. Paka wawili wa manyoya mafupi kabisa wanaweza kuibeba kimya kimya, kisha siku moja kwenye kikapu, katikati ya ndugu watatu wa kawaida, anatokea mmoja kama ufagio. Hakuna Persian aliyepita hapo usiku.

Siamese naye ni vilevile. Paka hao kweli asili yao ni Thailand, hiyo sikatai. Lakini ile rangi ya mwili mweupe na uso, masikio, miguu na mkia vyeusi ni jeni moja tena, ya kutengeneza rangi, ambayo inafanya kazi mahali mwili ulipo baridi tu. Ndiyo maana mtoto wake huzaliwa karibu mweupe wote, kwa sababu tumboni kwa mama kuna joto, kisha ncha za mwili zinaanza kuwa nyeusi baadaye. Nimeona wa hivyo ufuoni, anapigania vichwa vya samaki na korongo. Ni paka wa kupendeza. Siamese? Mimi sijui baba yake, na wewe pia hujui.

Sasa njoo karibu na nyumbani, Ethiopia, maana hii ndiyo ilinifanya nianze kusoma haya mambo. Kuna aina maarufu inaitwa Abyssinian. Abyssinia ni Ethiopia ya zamani, kwa hivyo nilijua huyu angalau ni wetu. Mwaka 1868 Waingereza walituma jeshi chini ya Robert Napier kumwendea Mfalme Tewodros, mpaka ngome yake ya Magdala. Tewodros alijiua badala ya kukamatwa. Jeshi liliondoka na maandiko, taji, na hata mtoto wake wa kiume, Alemayehu, aliyefia Uingereza akiwa kijana. Na inasemekana mke wa afisa mmoja alipata paka kutoka msafara huo, jina lake Zula, jina la bandari waliyoteremkia. Mwaka 1874 Gordon Stables akamweka kwenye kitabu chake cha paka. Basi, aina ikapata nchi.

Lakini kwenye jumba la makumbusho la Leiden, Uholanzi, kuna paka aliyekaushwa wa miaka ya 1830, mwenye manyoya ya aina hiyo hiyo, na lebo yake inasema ni paka wa nyumbani wa India. Hiyo ni zaidi ya miaka 30 kabla ya Magdala. DNA pia inaelekeza pwani za Bahari ya Hindi upande wa Asia. Kwa hiyo "Abyssinian" ni kama kibandiko cha ushindi. Watu walitoka vitani, jina la Abyssinia lilikuwa midomoni mwa kila mtu London, paka akalivaa. Sisemi kuna mtu alikaa chini akapanga uongo. Ndivyo majina haya yanavyozaliwa: mtu anasema kitu kinachopendeza, wa pili anakiandika, wa tatu anakilipia.

Kwetu Waluo jina lilikuwa taarifa. Otieno alizaliwa usiku. Okoth, mvua ilikuwa inanyesha. Onyango, jua lilishapanda. Siku hizi watu hurithi majina, sawa, lakini bado ukimwita mtoto Okoth kuna mtu atauliza, kwani siku hiyo ilinyesha?

Halafu kuna Sokoke, na hapa naomba mtulie, kwa sababu hii ni yetu kweli na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote.

Arabuko-Sokoke ni msitu wa Kilifi, karibu na Watamu na Gede, kilomita za mraba 420 hivi, na ni msitu mkubwa zaidi wa pwani uliobaki Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mama mmoja Mzungu aliyekuwa na shamba la minazi huko, Jeni Slater, alikuta watoto wa paka kwenye shamba lake. Manyoya yalikuwa na mistari iliyozungukazunguka kama gome la mti. Akawalea, wakazaana. Kwa Wagiriama hawakuwa wageni. Jina walilokuwa nalo huandikwa khadzonzo, na huelezwa kuwa linahusu huo mfanano na gome. Yaani watu walikuwa na paka, walikuwa na jina, na hakuna aliyekuwa akiita jambo hilo ugunduzi.

Mwaka 1984 rafiki yake, Gloria Moeldrup, akapeleka baadhi ya hao paka Denmark. Huko wakazalishwa, wakaonyeshwa, wakaandikwa kwenye daftari. Mwaka 1993 shirikisho la FIFe likaitambua aina, na jina likawa Sokoke, jina la msitu. Mwaka 2004 chama cha TICA nacho kikaanza kuisajili. Kabla ya hapo na hata baadaye kulikuwa na stori nyingi: ati ni paka mwitu, ati amechanganyika na mnyama wa msituni asiyejulikana. Vipimo vya DNA vikasema kitu cha kawaida kabisa. Ni paka wa nyumbani, na jamaa zake wa karibu ni paka wa mitaani wa pwani yetu, wa Lamu na Pate, watoto wa ile bahari ya majahazi ambako paka na panya walisafiri pamoja bila tiketi.

Fikiria hilo vizuri. Paka wawili wa tumbo moja. Mmoja anapanda ndege kwenda Copenhagen, na vitukuu vyake ni aina adimu duniani, wana vyeti. Mwenzake anabaki Watamu, na vitukuu vyake vinafukuzwa na ufagio hotelini. Damu ni ile ile. Kilichowatofautisha ni daftari.

Kwa hiyo nikiona mtu wa Kisumu anapeana "pure Sokoke" kwa sababu kitoto kina mistari ya kuzunguka ubavuni, nakasirika mara mbili. Kwanza ni uongo: ile mistari ni jeni iliyoenea duniani kote, paka wa London anayo, wa Istanbul anayo, wa Bondo anayo. Sokoke wa daftari ni wachache, na wengi wako Ulaya na Marekani. Pili, ni kama tunakubali kwamba paka wetu hana maana mpaka mtu wa mbali ampe jina, kisha tunaliazima hilo jina kumuuzia jirani.

Na madhara yapo. Nina binti ninayemjua, yuko mjini, alipewa kitoto cha manyoya manyoya kwa jina la Persian na mtu mwingine kabisa, na akalipa "ada ya makao" ambayo mimi ningenunulia mbuzi. Miezi ikapita, paka akakua mwembamba, uso mrefu, manyoya ya kawaida. Paka mwenyewe alikuwa mzima na mchangamfu. Lakini alikuwa ameahidiwa mtu mwingine, kama naweza kusema hivyo. Kila akimwangalia alimwona aliyetapeliwa, yaani yeye mwenyewe. Mwishowe akampeana tena. Huyo paka alipoteza nyumba kwa sababu ya neno moja ambalo halikuwa lake.

Kuna suala la afya pia, na hili watu hulipita. Persian wa kweli wana ugonjwa wa kurithi wa figo kujaa vifuko vya maji. Katika tafiti kadhaa zaidi ya theluthi moja ya Persian walikuwa nao, na jeni yake ilitambuliwa mwaka 2004. Wale wa uso bapa wana shida ya kupumua na macho kutiririka machozi. Ukimwambia daktari wa wanyama "huyu ni Persian", unamwelekeza kutafuta mambo hayo, na unalipia vipimo. Paka wa Kombewa shida zake ni zingine: minyoo, viroboto, mafua, majeraha ya kupigana, na kuzaa kila mara kwa sababu hakuna aliyempeleka kufungwa kizazi. Mwambie daktari ukweli, atajua pa kuanzia.

Wale wa "nusu paka mwitu" ndio wananitisha. Paka mwitu wa Afrika yupo hapa Kenya mpaka leo, na utafiti wa DNA wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani wametokana na aina yake ya Mashariki ya Kati. Kwa hiyo kufanana kupo, hasa hawa wa kijivu wenye mistari. Lakini chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa. Yaani unajitangazia kesi, kwa paka aliyezaliwa chini ya kitanda cha shangazi yako. Na anayemchukua atamwogopa. Akikwaruza kidogo tu, "si mlisema ni wa porini", anatupwa.

Najua mtanijibu: bila jina zuri hakuna atakayemchukua. Hii ndiyo hoja nzito, na siwezi kuipuuza, kwa sababu mimi ndiye ninayebaki na paka asipoenda. Nikipost paka wawili, mmoja "kienyeji" na mwingine wa manyoya, wa manyoya anaulizwa mara kumi. Lakini angalieni wanaouliza. Swali lao la kwanza ni atakua mkubwa kiasi gani, la pili ni kama anaweza kuzaa ili wauze watoto. Wale wanaouliza anakula nini, analala wapi, anaelewana na mbwa, hao hunifuata kwa paka wa kawaida. Jina la kifahari linaita wafanyabiashara. Mimi sitafuti wateja.

Hata kwa mbwa, mambo si kama tunavyodhani. Mwaka 2016 watafiti Marekani walichapisha matokeo kuhusu kituo kimoja cha Florida kilichoondoa majina ya aina kwenye kadi za mbwa. Wale waliokuwa wakiitwa pit bull, ambao watu huwaogopa, walianza kuchukuliwa zaidi. Jina lilipotoka, watu wakamwona mbwa aliye mbele yao.

Na tuongee kuhusu hilo neno kienyeji, maana ndilo linaloonewa aibu. Nenda sokoni ununue kuku. Kuku wa kienyeji na broiler, nani ghali? Nani mgeni anaandaliwa akija na suti? Sisi wenyewe tumeamua kwamba kuku kienyeji ana ladha, ana nguvu, haugui ovyo, na tunamlipia. Hakuna anayeandika "Rhode Island mix" kwa jogoo wa nyanya ili aonekane wa maana. Basi paka kienyeji, aliyepona msimu wa mvua, mbwa wa watu na boda boda, mbona tumsemee kwa sauti ya chini?

Kama kweli unataka kujua asili yake, kuna maabara, mfano ile ya Chuo Kikuu cha California pale Davis, zinazopima DNA ya paka kwa usufi wa shavuni. Utalipa kwa dola na utasubiri. Ukiwa na hizo pesa, mimi ningekuomba umfunge kizazi kwanza.

Mimi huandika ninachokiona na ninachokijua. Nisichokijua kinaachwa nje, hakijazwi. Huyu ndiye niliyemwandika jana usiku, stima ikiwa imepotea, kwa mwanga wa simu:

"Jike, umri karibu miezi saba. Manyoya marefu kiasi, kijivu na mistari, kifua cheupe. Mama yake ni paka wa manyoya mafupi wa hapa Kombewa, baba hajulikani. Amefungwa kizazi na amepewa dawa ya minyoo. Hapendi kubebwa lakini atakufuata jikoni. Anaogopa pikipiki. Anakamata panya, tumeshuhudia. Hauzwi. Anayemtaka aje amwone, akae naye kidogo, kisha tuongee."